Laptopu ya Kuangalia Picha Tu

Wiki iliyopita niliwaacha nimepiga magoti kwenye karakana yangu, mkono mmoja umeshika mto wa mke wangu niliokuwa nimeufumua, mkono wa pili umeshika memori kadi ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho.

Kwa asiyenijua: mimi ni fundi sofa. Mke wangu ni fundi mwenzangu. Mimi napiga fremu mikanda, sponji na pini, yeye anashona vitambaa. Karakana iko mbele, chumba chetu kiko nyuma, watoto wako shule ya bweni. Tuko wawili tu kutwa nzima, na bado niliamini kuna mtu wa tatu katikati yetu.

Wengi mmeniandikia. Mmoja alisema, "Fundi, ukimchunguza sana bata hutamla." Ahsante, lakini barua yako ilifika nimeshamnyonyoa.

Mnaukumbuka ushahidi wangu. Mke ambaye zamani alinitazama mpaka naona aibu, sasa akiongea nami anaangalia sikio langu. Siku moja tulipishana sokoni bega kwa bega, akanipita kama nguzo ya umeme. Nilipomwita alishtuka, akacheka kicheko kisichokuwa chake, akasema alikuwa na mawazo.

Halafu ile ya barabara kubwa. Kwa macho yangu haya mawili nilimwona akivuka, ameshikwa kiwiko na mwanaume, taratibu, mpaka ng'ambo. Mwanaume mwenyewe hakumwachia hata walipofika upande wa pili.

Huyo mwanaume ni Sponji. Nilimpokea hajui kushika mkasi, nikamlea miaka minne kwenye karakana hii hii. Leo ana duka lake la sofa, la vioo mbele, na sofa zake zinawashiwa taa mchana. Siku anaaga alimwambia mke wangu mbele yangu, "Shemeji, ningewahi kuzaliwa, Fundi asingekupata." Tulicheka wote watatu. Mimi nilicheka kuliko wote, na toka siku hiyo sijalala vizuri.

Sasa nina kadi mkononi, na simu yangu ni ya batani. Haina pa kuingiza kadi. Kuipeleka studio nisingeweza, maana kijana wa studio akiona kitu, mtaa mzima unaona kabla yangu. Ilibaki njia moja.

*

Mlango wa duka umeandikwa kwa rangi nyekundu: DAKTARI WA KOMPYUTA. Ndani kulikuwa na maiti za kompyuta zimepangwa ukutani, nyingine hazina kioo, nyingine hazina matumbo. Daktari mwenyewe alikuwa ameuma bisibisi mdomoni.

"Nataka laptopu ya mtumba," nilisema. "Ile ya bei ya chini kuliko zote."

"Ya kazi gani, mzee?"

"Kuangalia picha."

"Na nini kingine?"

"Kuangalia picha."

Alitoa bisibisi mdomoni. "Intaneti?"

"Ya nini?"

"Kuandika barua?"

"Nimwandikie nani? Nataka kuingiza kadi, picha itokee, niione, basi."

"Hapo umenifurahisha," alisema. "Watu wanakuja hapa na hela ya kununua tochi, wanataka mashine ya kurusha roketi. Wewe unajijua." Aliinama chini ya meza, akatoka na dude jeusi, zito kama kiti. "Huyu hapa mzee mwenzako. Ana tundu la kadi. Bawaba moja imevunjika, kwa hiyo kioo utakiegemeza kwenye kitu. Betri imekufa. Waya ukichomoka, naye kazima. Na kuwaka anachukua dakika ishirini."

"Dakika ishirini!"

"Mzee, mpaka ajinyooshe mgongo. Ila akishaamka, haoni shida."

Akachomeka. Tukasubiri kama watu wanaosubiri chai ichemke. Alijipepea kwa kava la kitabu, mimi niliangalia mlango. Ilikuwa Jumatano, na Jumatano mke wangu huenda "kwa dada yake" mpaka saa tisa. Hayo maneno matatu siku hizi niliyasikia kama mtu anavyosikia mlango unafungwa.

Kioo kikawaka. Pale pale ikajitokeza picha ya mwanamke, gauni jekundu, ameegemea gari, anatabasamu na meno yote.

"Nani huyu?"

"Sijui. Wa mwenye nayo wa zamani." Daktari alipangusa kioo kwa kiwiko. "Mashine za mtumba zinakuja na mizigo yao. Alivyoipanga, ukiacha dakika tano bila kuigusa, inaanza kujionyesha hizo picha yenyewe, moja baada ya nyingine. Niachie mpaka kesho nikusafishie."

"Kesho?"

"Kesho asubuhi."

Mpaka kesho asubuhi ningekuwa nimeshatafuna kadi yenyewe. "Hazinihusu," nilisema. "Nifungie."

Alinifungia ndani ya gunia. Akanitazama vile daktari wa kweli anavyomtazama mgonjwa aliyekataa sindano. "Mtu anayenunua mashine nzima aangalie picha za kadi moja," alisema, "ana ugonjwa au ana mke."

"Nina vyote viwili," nilimjibu, nikaondoka.

*

Nilifunga mlango wa karakana kwa komeo. Katikati kulikuwa na sofa ya watu watatu ambayo haijavishwa, mbao na mikanda tu. Nikaiweka laptopu ndani ya fremu, kioo nikakiegemeza kwenye mbao ya mgongo, waya nikaupitisha sakafuni mpaka kwenye soketi ya cherehani. Kisha nikakaa chini kusubiri dakika zangu ishirini.

Ndugu msomaji, usiombe kukaa na wivu dakika ishirini huna kazi ya kufanya. Nilimwona Sponji akiwa na mke wangu mahali kumi tofauti. Nilimpiga ngumi, nikampeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, nikasamehe, nikaghairi kusamehe. Yote hayo mashine haijafika hata nusu ya kuamka.

Ilipokuwa tayari niliingiza kadi. Nikakosea tundu mara mbili.

Picha ya kwanza: sofa. Ya pili: sofa. Ya tatu: sofa ya kona. Nilitegemea kitanda, nikakuta sofa.

Ya nne alikuwa yeye. Mke wangu, gauni lake la njano, lile analolivaa siku anazojisikia vizuri. Amekaa katikati ya sofa ya kijani na anacheka, kichwa kimerudi nyuma. Miezi mingapi sijaona hayo meno? Alikuwa akicheka hivyo kwangu zamani, na nilikuwa sijui kwamba kicheko kinaweza kuisha. Roho iliniuma, sitaki kuwadanganya. Iliniuma kwa sababu alikuwa mzuri, na uzuri wenyewe alikuwa ameupeleka kwa mwingine.

Ya tano, Sponji. Amesimama nyuma ya sofa hiyo hiyo, amekunja mikono ya shati kama mwenye nyumba.

Ya sita ilikuwa mikono tu. Mkono wa mke wangu, naujua kwa pete na kwa kovu la mkasi, umelala juu ya mkono wa mwanaume. Vidole vyake juu ya vidole vya Sponji, vimevibana. Palikuwa na sindano pia, na uzi, lakini mwanaume mwenye wivu haangalii uzi.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa maumivu. Nikaenda ya saba.

Ya saba ilikuwa kona ya mkono wa sofa, imepigwa kwa karibu. Naomba niwaeleze hii kidogo, maana asiye fundi ataona kitambaa tu. Kona ya mkono wa sofa ndiyo inayomuumbua fundi. Wengi wanakunja kitambaa, wanapiga pini, basi. Mke wangu ana mshono wake, tunauita sikio. Anatumia sindano iliyopinda, uzi unaingia na kutoka bila kuonekana, na kitambaa kinajikunja ndani kama sikio la mtoto. Hakuna mwingine anayeujua. Hata mimi sikuwahi kuuweza. Wateja walikuwa wakija wanapapasa kona kwanza, ndiyo wanauliza mengine.

Miezi sita iliyopita aliniambia, "Mume wangu, sikio siliwezi tena. Macho yananichosha." Nikamwonea huruma. Nikamwambia apumzike, kona nitafanya mimi. Nikazifanya, vibaya, wateja wakanuna, wengine wakahamia duka la vioo, na mimi nikavumilia kwa ajili ya macho ya mke wangu.

Na hapo kwenye kioo, kwenye sofa ya Sponji, kulikuwa na sikio.

Nilisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Halikuwa na shaka. Kwangu macho yamechoka, kwa Sponji yamepona. Mwanamke anaweza kucheka na mtu, anaweza hata kushikwa mkono na mtu, ukajifariji kwamba ni mazoea. Lakini mshono ambao alinikatalia mimi mumewe, mshono uliotulisha, uliowasomesha watoto, amempelekea yule! Ningekuta kitanda ningelia. Nilipokuta sikio, sikulia. Nilitafuta viatu.

Nilichomoa kadi, nikaitia mfuko wa shati, nikaikandamiza. Mashine nikaiacha inawaka, maana nani tena angesubiri dakika ishirini? Nikavuta mlango nyuma yangu, nikaenda.

*

Sponji alikuwa mlangoni kwake, anapangusa vioo. Aliponiona alisimama wima, kama zamani nikimkuta amelala juu ya sponji.

"Fundi. Karibu, mwalimu wangu."

"Mke wangu yuko wapi?"

"Ametoka hapa kama nusu saa iliyopita."

Hakuficha hata kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, nikakosa pa kushika. Nilimpita, nikaingia ndani, nikaenda moja kwa moja kwenye sofa ya kijani, nikapapasa kona. Lilikuwa sikio, ndiyo, ingawa limepinda kidogo, uzi umekazwa mno sehemu moja. Sikulijali hilo.

"Nani ameshona hii?"

Alitazama mlango.

"Nakuuliza wewe! Nani ameshona hii?"

"Fundi, niliapa."

"Kwa nani?"

"Kwake." Alikuwa akizungusha kitambaa cha vumbi mikononi. "Alisema atakuambia mwenyewe. Muulize yeye. Mimi nikisema nitakuwa nimemsaliti."

"Kumsaliti yeye! Na mimi je? Umekula kwangu miaka minne!"

"Ndiyo maana namwita shemeji."

"Ulikuwa unamwita shemeji hata siku ile unasema ungewahi kuzaliwa!"

Alicheka kidogo, kwa huzuni, na hicho kicheko nusura kimponze. "Ulikuwa mzaha, Fundi. Kumbe ulikaa nao muda wote huu?" Halafu akasogea karibu, akashusha sauti kwa sababu mteja alikuwa anaingia. "Nenda nyumbani. Nilitaka kumsindikiza leo, akakataa. Na naomba nikwambie kitu kimoja, usikasirike. Usimwache apite ile barabara peke yake."

Mnasikia? Niliyemfundisha kushika mkasi ananifundisha kumtunza mke wangu. Nilimwangalia, nikaangalia vioo vyake, nikaona ni kipi ningeanza kukivunja. Lakini mteja alikuwa mama mtu mzima na akanisalimia kwa heshima, ikabidi niitikie. Hasira ikishaitikia salamu, inapungua nguvu. Nikatoka.

*

Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Ndani nilisikia sauti ya mwanaume.

"Hapa bado ana gauni jekundu, shemeji. Ameegemea gari."

"Gari gani?"

"Dogo. Jeupe. Haya, imebadilika. Hapa amevua viatu. Hapa... shemeji, hii nisiseme."

"Sema."

"Amevaa, lakini siyo sana."

Niliingia. Mke wangu alikuwa amesimama mbele ya fremu ya sofa. Goti lake lilikuwa limechubuka na sketi ina vumbi. Kando yake alikuwa seremala jirani yetu, tunayemwita Msumari, yule anayetupigia fremu. Alikuwa ameinama anasoma kioo changu kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Kaka," alisema Msumari, "mimi nimeitwa tu."

"Umeitwa na nani kwenye karakana yangu?"

"Nimemwita mimi," alisema mke wangu. "Nimeingia, nimejikwaa kwenye waya wako, nimeanguka. Nikafuata waya, nikakuta hiki. Nikamwita Msumari anisaidie kutazama."

Kusaidiwa kutazama! Niliona alivyonikusudia. Kuona peke yake hakumtoshi, kaleta shahidi, ili kesho mtaa wote ujue Fundi anaficha wanawake ndani ya sofa.

"Gundi yangu inakauka," alisema Msumari, akatoka kinyumenyume, akagonga kichwa kwenye mlango.

Tukabaki wawili, na yule wa gauni jekundu. Picha ilibadilika, akaja anakula aiskrimu.

"Ni nani?" aliuliza mke wangu.

"Simjui."

"Humjui, na yumo ndani ya sofa yako."

"Ni wa mwenye laptopu wa zamani. Imekuja na picha zake. Kamuulize Daktari."

"Daktari?" Alishtuka ajabu, akapeleka mkono shingoni. "Daktari gani? Amekuambia nini?"

"Daktari wa kompyuta! Aliyeniuzia!"

Alishusha pumzi. "Umenunua laptopu."

"Ndiyo."

"Ya nini? Hata simu yako unaishika kwa vidole viwili."

"Ya kuangalia picha."

"Picha za nani?"

Hapo ndipo niliponasa. Wivu ni kidonda, wanasema, ukishiriki utakonda, na mimi nilisikia nikikonda pale pale niliposimama. Nikisema kweli, nimekiri kwamba nilimfumulia mto. Nikinyamaza, nimekiri yule wa aiskrimu.

"Picha za mitindo ya sofa," nilisema. "Za kuonyesha wateja."

"Sofa gani inayovaa gauni jekundu?"

Mke wangu alikaa juu ya marobota ya sponji, na sauti yake ilipotoka haikuwa na ukali tena.

"Nilijua," alisema. "Miezi yote hii hunisemeshi. Ukila unakula kimya, ukilala unageukia ukuta. Nikikugusa unakakamaa. Nikasema labda amechoka, labda ni kazi. Kumbe kuna mtu. Nimekuwa nakaa hapa nikisikiliza hatua zako kama mtoto, nikajua leo ana hasira, leo hana. Ungeniambia tu, mume wangu. Ungesema, nimepata anayenifurahisha kuliko wewe."

Alikuwa analia. Na nitawakiria, kwa kuwa haya ni maungamo: sehemu yangu moja ilifurahi. Kumbe na yeye anaumwa ugonjwa wangu! Kumbe ananitaka bado! Ningekuwa na akili ningeishia hapo, ningemkumbatia, ningeitupa laptopu jalalani.

Lakini nilikuwa na kadi mfukoni, na niliikumbuka ile kona. Huyu huyu aliyenidanganya habari ya macho, ametoka sasa hivi kwa Sponji, halafu ananilizia. Ananihukumu kwa picha za mtu nisiyemjua, na za kwake nimezibeba kifuani. Hasira ilinirudia, mpya.

"Unataka kuona picha?" nilimwambia. "Ngoja nikuonyeshe picha."

Nilitoa kadi. Safari hii sikukosea tundu. Yule wa aiskrimu akaondoka. Nikapita sofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikaenda moja kwa moja ya nne, nikaikuza mpaka ikajaza kioo kizima. Mke wangu, gauni la njano, kicheko.

"Haya," nilisema, nikamvuta mkono mpaka mbele ya mashine. "Na huyu je? Huyu unamjua? Sema na huyu!"

Nilikunja mikono kusubiri. Nilijua atafanya nini: atashika kichwa, ataanguka magotini, ataniambia shetani alimpitia. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumjibu.

Aliinama. Alisogeza uso karibu na kioo, karibu kabisa. Halafu akageuza kichwa pembeni, akatazama kwa ubavu wa jicho, kama kuku anavyotazama punje. Akageuza upande wa pili. Alikaa hivyo muda mrefu, na machozi bado yako mashavuni.

"Kumbe wako wawili," alisema.

Nilidhani ananikejeli. "Usinichezee," nilisema. "Mtazame vizuri!"

"Nimemtazama. Huyu anacheka, naona weupe wa meno." Akanyoosha kidole, akagusa kioo, si kwenye uso, akagusa begani, kisha chini, kwenye kitambaa. "Na gauni la njano. Mume wangu, hata gauni umemnunulia kama langu?"

Nilimtazama usoni. Hapakuwa na mzaha, wala hila. Macho yake mazuri yalikuwa wazi kabisa, yameelekea kwangu, yametua sikioni pangu kama kawaida yake. Nikakumbuka sokoni. Nikakumbuka barabara kubwa, na kiwiko chake ndani ya kiganja cha Sponji. Niliinua mkono wangu polepole, nikauweka mbele ya pua yake, na kope zake hazikucheza mpaka alipohisi upepo.

"Mbona hujibu?" alisema mke wangu. "Nimekuuliza. Ni nani huyu mwanamke?"